Matundu kwenye Mfupa na Waliofika Kabla ya Udongo

Mwaka 2017 lilipotangazwa jina la Shingopana songwensis, dinosaria aliyepatikana mkoani Songwe, watu wengi ninaowafahamu walizungumzia ukubwa wa mnyama huyo na fahari ya kuona Kiswahili kimeingia katika majina ya kisayansi. Mimi nilivutwa na jambo dogo zaidi lililotajwa katika taarifa hiyo, kwamba baadhi ya mifupa yake ilikuwa imetobolewa na wadudu muda mfupi baada ya mnyama kufa. Sehemu ya mifupa hiyo ilifukuliwa mwaka 2002, na umri wake ni wa zama za Kretasia, ambazo zilikwisha takriban miaka milioni 66 iliyopita. Mdudu aliyetoboa hakuacha bawa wala mguu, ameacha tundu tu, na tundu hilo limedumu kuliko mwili wake.

Ninaishi Kigoma, na kati yetu na Songwe kuna Katavi na Rukwa, kwa hiyo si jirani wa mlango kwa mlango. Hata hivyo niliposoma habari ile nilijiuliza mara moja kama wadudu wa namna hiyo bado wapo, na jibu ni kwamba wapo, tena wengine tunaishi nao na kugombana nao kila msimu wa samaki. Ndiyo maana nimeamua kuandika juu ya visukuku vya alama, yaani mabaki ya kale ambayo si mwili wa kiumbe bali ni kazi aliyoifanya, na hasa alama zinazoachwa na viumbe wasio na uti wa mgongo wanapotoboa mifupa ya wale walio nao.

Kwanza tuuangalie mfupa wenyewe. Takriban theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalsiamu na fosfeti, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni protini iitwayo kolajeni. Kwa mdudu, madini hayo ni ukuta mgumu usio na lishe ya maana, lakini kolajeni ni chakula, na mafuta yaliyomo ndani ya mifupa mikubwa ni chakula kizuri zaidi. Hapo ndipo swali la msingi linapozaliwa kila tunapoliona tundu: aliyelichimba alikuwa akitafuta kula, au alikuwa akitafuta mahali pa kujificha? Majibu hayo mawili huacha maumbo tofauti. Mlaji hufuata chakula kilipo, hivyo njia yake hupindapinda, hukwangua juu juu, hurudi, huacha sehemu aliyoikinai na kwenda nyingine. Anayetafuta hifadhi huchimba mara moja, huingia kwa pembe iliyo wazi, hutengeneza nafasi inayolingana na mwili wake, kisha hutulia.

Tofauti hiyo niliielewa vizuri zaidi pale Kibirizi, hapa Kigoma, kuliko katika maandishi yoyote. Kuna mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa na migebuka wakavu, ambaye kwa ukaribu wa familia zetu mimi humwita mama mkubwa. Nilimkuta akipanga upya ghala lake kabla ya mzigo mpya kuingia. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuniuliza habari za nyumbani mmoja baada ya mwingine, nilimwomba anionyeshe wadudu wanaomsumbua. Hakuhitaji kutafuta. Alikung'uta kona ya gunia la zamani, wakaanguka mbawakawa weusi wenye tumbo jeupe, na pamoja nao mabuu ya kahawia yenye manyoya magumu na mstari wa rangi hafifu mgongoni, ambayo yalikimbilia kivulini kwa haraka ya kushangaza.

"Hawa wakishaingia kwenye gunia, mwanangu, uzito unabaki kwenye daftari tu," aliniambia. Kisha akagonga ubao wa chanja ambalo magunia hukaa juu yake. "Na usidhani wanakula samaki peke yake. Huu ubao umewafanya nini?"

Upande wa chini wa ubao ulikuwa na matundu ya duara, mapana kidogo kuliko mrija wa wino wa kalamu, yamekaa kwa makundi karibu na mahali gunia lilipokuwa likigusa. Aliniruhusu kuvunja ukingo uliokwisha kuoza. Ndani, kila tundu lilikuwa limeishia kwenye chumba kirefu kidogo chenye umbo la yai, kuta zake zikiwa laini, na katika kimoja mlango ulikuwa umezibwa na ngozi kavu yenye manyoya, ile ambayo buu aliivua mara ya mwisho. Hakukuwa na dalili ya kuula ubao, kwa sababu vumbi la mbao lilikuwa limesukumwa nje na kubaki mdomoni mwa tundu.

"Samaki wanakula, ubao wanalalia," mama mkubwa alihitimisha, akanigeukia kuona kama ninaandika.

Kwa sifa hizo, mdudu huyo ni Dermestes maculatus, ambaye wataalamu wa hifadhi ya vyakula wanamfahamu katika bara zima kama adui wa samaki wakavu, na wafanyabiashara wa ngozi wanamfahamu kama adui wa ngozi. Majumba ya makumbusho, kinyume chake, humfuga kwa makusudi ili asafishe mifupa, kwa sababu buu wake hula nyama kavu, mishipa na ngozi hadi kwenye vifundo vidogo ambavyo kisu hakifiki. Shida huanza buu anapokomaa. Akifikia wakati wa kugeuka kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa mdudu mzima, anakuwa hawezi kukimbia wala kujitetea, na ndugu zake walewale waliokuwa wakila naye samaki mmoja wanaweza kumla yeye. Kwa hiyo huacha chakula na kutafuta kitu kigumu cha kuchimba: ubao, gome, kizibo, udongo ulioshikana, na kama yuko porini kwenye mzoga uliokauka, mfupa.

Sasa turudi katika miamba. Mwaka 2007 Eric Roberts na wenzake walieleza matundu yaliyokutwa kwenye mifupa ya dinosaria wa Kretasia kutoka Madagaska na kutoka jimbo la Utah nchini Marekani. Baadhi yalikuwa vyumba vyenye umbo la yai vilivyochimbwa ndani ya mfupa, na kwenye kuta za vyumba hivyo zilionekana alama za mikwaruzo ya taya. Alama hizo walizipa jina la Cubiculum. Nyingine zilikuwa njia za juu juu zinazopindapinda kwenye uso wa mfupa, zimeundwa na mifuo midogo iliyopangana kwa jozi, kama ambavyo taya mbili zingekwangua kwa pamoja, nazo zikaitwa Osteocallis. Mtu aliyeuona ubao wa Kibirizi hahitaji maelezo marefu hapo, kwa kuwa aina ya kwanza ni chumba cha kulala na ya pili ni meza ya chakula. Mwaka uliofuata, Brooks Britt na wenzake walieleza mkusanyiko wa alama kama hizo kwenye mifupa ya Camptosaurus kutoka Wyoming, wa zama za Jurasiki, ambaye ni wa kale zaidi kuliko wale wa Madagaska, nao wakaziunganisha na jamaa za Dermestes.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba alama hizo zinafanya kazi ya saa. Mzoga hauliwi na kila mtu kwa wakati mmoja. Nzi hufika mapema, nyama ikiwa bado ina unyevu, na mabuu yao hufanya kazi yao kwa haraka. Dermestes huchelewa, kwa sababu wanataka ngozi na nyama iliyokauka. Wakishafika, yai hadi mdudu mzima huchukua kama mwezi mmoja hadi miwili katika joto zuri, na chumba cha pupa hakichimbwi ila mwishoni mwa maisha ya buu. Kwa hiyo mfupa wenye vyumba vya pupa unatuambia kwamba mnyama alikufa nchi kavu au angalau alibaki juu ya maji, kwamba mzoga ulipata nafasi ya kukauka, kwamba hali ya hewa haikuwa baridi kali, na kwamba mafuriko au mchanga haukuufunika kwa wiki kadhaa. Yote hayo kutokana na shimo lisilo na kitu ndani. Mwanajiolojia akitazama tabaka la mchanga wa mto peke yake anaweza kujua kwamba mto ulifurika, lakini ni mdudu anayemwambia mzoga ulisubiri kiasi gani kabla ya mafuriko kuja.

Hapa lazima niweke tahadhari, kwa sababu ndipo waandishi wengi wa habari za sayansi wanapoteleza. Jina kama Cubiculum ni jina la alama, si jina la mnyama. Kanuni za kutaja visukuku zinatenganisha mambo hayo mawili kwa makusudi, kwani mdudu mmoja anaweza kuacha alama za aina kadhaa kulingana na umri wake na kazi anayoifanya, na wadudu wasio na undugu wowote wanaweza kuacha alama zinazofanana. Mtafiti anaposema kwamba tundu fulani linafanana na kazi ya Dermestes, amesema jambo la tahadhari; gazeti linapoandika kwamba mbawakawa fulani alimla dinosaria fulani, limeruka hatua mbili. Binafsi naona afadhali kusema tu kwamba mdudu fulani alichimba chumba, kwa kuwa chumba tunakiona.

Mshukiwa wa pili ni mchwa, na katika mkoa jirani wa Tabora, ambako miombo imejaa vichuguu, hakuna anayehitaji kuhubiriwa juu ya nguvu ya mchwa. Tumezoea kumhesabu kama mla miti na nyasi, lakini huguguna mifupa pia. Tayari mwaka 1911 mtaalamu wa anatomia aitwaye Derry aliandika katika jarida la Nature kuhusu mafuvu na mifupa ya binadamu iliyoharibiwa na mchwa, akitaka wenzake wasidhani kwamba mashimo yale ni majeraha au ugonjwa. Karne moja baadaye, mwaka 2012, Lucinda Backwell na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la Afrika Kusini ambalo mifupa iliachwa kwa mchwa wa jenasi ya Trinervitermes ili kuona hasa wanafanya nini. Walipata vishimo vya juu juu, vishimo vyenye mikwaruzo inayotawanyika pande zote mithili ya nyota, makundi ya mistari inayokaribia kwenda sambamba, na nyuso zilizolika.

Hiyo mistari sambamba ndiyo yenye kuleta kesi. Katika nchi yenye Olduvai na Laetoli, mstari kwenye mfupa wa kale unaweza kubadilisha historia, kwa sababu mstari uliochorwa na jiwe lenye makali maana yake ni kwamba mkono fulani ulikata nyama hapo. Kama mstari huohuo umekwanguliwa na mchwa, basi hakukuwa na karamu. Ndiyo sababu utafiti wa Thomas Kaiser wa mwaka 2000 kuhusu mifupa ya mamalia wa Laetoli, ambamo alipendekeza kwamba alama fulani ni kazi ya wadudu, una uzito kuliko kichwa chake cha habari kinavyoonyesha. Vivyo hivyo, mifupa ya Homo naledi, jamaa wa kale wa binadamu, iliyotangazwa mwaka 2015 kutoka pango moja la Afrika Kusini ilikutwa na alama ambazo watafiti walizihusisha na mbawakawa na hata konokono wa nchi kavu, ambao hukwangua mifupa ili kujipatia kalsiamu ya kujengea magamba yao. Mtu asiyemfikiria konokono hatamwona.

Kuhusu ukongwe wa mchwa katika ukanda wetu hatuna haja ya kubahatisha. Mwaka 2016, Roberts huyohuyo na wenzake walieleza viota vya mchwa vilivyogeuka mawe katika bonde la ufa la Rukwa, vyenye umri wa takriban miaka milioni 25, vikiwa bado na bustani za uyoga ambazo mchwa hao walizilima. Hilo halithibitishi kwamba waliguguna mfupa wowote, na sitaki msomaji aondoke na dhana hiyo, lakini linaonyesha kwamba mchwa mkulima wa uyoga tunayemkanyaga leo ana mababu waliokuwa hapa muda mrefu kabla Ziwa Tanganyika halijawa ziwa.

Nitamtaja haraka nondo wa pembe, Ceratophaga vastella, kwa kuwa watu humchanganya na watoboaji wa mifupa. Pembe ya nyati au ya swala iliyolala porini mara nyingine huota vijibomba vya udongo na kinyesi vinavyochomoza kama vidole. Buu wa nondo huyo hula keratini, ambayo ndiyo kitu kilekile kilicho katika kucha zetu, na hana shughuli na kiini cha mfupa kilicho ndani ya pembe. Keratini huoza na kupotea kwa urahisi kuliko mfupa, kwa hiyo kazi ya nondo huyu, hata ikiwa imefanyika kwa mamilioni ya miaka, ina nafasi ndogo ya kufika kwenye mwamba.

Baharini mambo ni mengine kabisa. Mwaka 2002, katika korongo la chini ya bahari la Monterey huko California, kwenye kina cha karibu mita 2,900, watafiti walikuta mzoga wa nyangumi ambao mifupa yake ilikuwa imefunikwa na minyoo yenye vishungi vyekundu. Walipoichunguza waliona haina mdomo wala utumbo. Mwaka 2004 iliingizwa katika sayansi kwa jina la Osedax. Mnyoo wa kike husukuma mizizi ndani ya mfupa, huuyeyusha kwa asidi, na bakteria wanaoishi ndani ya mizizi hiyo humsaidia kupata lishe. Madume ni wadogo mno kuonekana kwa macho, nao huishi ndani ya neli ya jike mmoja kwa makundi. Asidi haiachi mikwaruzo ya taya. Inaacha tundu jembamba la duara kwenye uso wa mfupa, ambalo chini yake hufunguka kuwa pango pana, kiasi kwamba mfupa unaoonekana mzima kwa nje unaweza kuwa mtupu ndani. Ndiyo maana wanaochunguza alama hizi hutumia sana picha za CT, ileile mashine ya hospitali, badala ya kuukata mfupa.

Alama za namna hiyo, zilizopewa jina la Osspecus, zilielezwa kutoka mfupa wa nyangumi wa kale wa Tuscany nchini Italia, na mwaka 2010 nyingine za takriban miaka milioni 30 zilitajwa kutoka jimbo la Washington. Ilionekana kana kwamba minyoo hao walitokea pamoja na nyangumi. Kisha mwaka 2015 Silvia Danise na Nicholas Higgs wakaonyesha alama zilezile kwenye mfupa wa plesiosaria kutoka Uingereza, wenye umri wa takriban miaka milioni 100, enzi ambayo nyangumi hawakuwapo hata kwa ndoto. Minyoo walianza na reptilia wa baharini, na reptilia hao wakubwa walipotoweka, wakaendelea na kasa hadi nyangumi walipofika. Historia yote hiyo isingejulikana kwa njia nyingine, maana mnyoo asiye na kiungo kigumu hata kimoja hana cha kuacha ila alama.

Aliyeshika mfupa wenye tundu mkononi anahitaji kujiuliza maswali machache kabla hajamtaja mdudu yeyote. Je, ukingo wa mfupa umeota upya kuzunguka tundu? Kama ndiyo, mnyama alikuwa hai, na tunazungumzia ugonjwa au jeraha lililopona. Je, tundu limejazwa na mchanga uleule wa mwamba unaouzunguka mfupa? Kama ndiyo, lilikuwepo kabla udongo haujafunika au wakati ukifunika. Je, ndani ya tundu pana rangi mpya, tofauti na uso mkuukuu wa mfupa? Basi huenda limechimbwa juzi, baada ya mmomonyoko kuutoa mfupa nje, na mchwa wa leo ana hatia. Kwa sababu hiyo ninapinga tabia ya kuusafisha mfupa wa kale kwa brashi ngumu mara tu unapookotwa, kwa kuwa kinachotolewa kama uchafu kwenye tundu ndicho kinachoshikilia jibu la swali la pili.

Swali gumu kuliko yote ni la mfupa usio na tundu lolote. Wengi husema moja kwa moja kwamba mfupa safi ulizikwa haraka, na mara nyingi ni kweli. Lakini fikiria kiboko aliyekufa kwenye mdomo wa mto Malagarasi, mzoga ukasukumwa ziwani na mifupa ikazama kwenye kina. Osedax ni viumbe wa baharini, hawapo huku. Tena Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, na maji yake ya chini, kuanzia mita mia moja na kitu hadi kama mia mbili na hamsini kutegemea mahali, hayana oksijeni, hivyo hakuna mdudu, mnyoo wala konokono anayeweza kuishi kule. Mfupa huo unaweza kukaa wazi juu ya tope kwa miaka mingi bila mkwaruzo hata mmoja, na atakayeuchimbua siku moja, kama hakuchunguza tope lenyewe na kemia yake, ataandika kwamba ulifunikwa ndani ya siku chache.